Mama Mwenye Kukalisha Batu

Kama ulisha kuingia mu kanisa yetu ya hapa Kolwezi siku ya yenga, siku ya kusali, ata mara moja tu, ye njo alikukalisha. Hauwezi kumusahau. Mama moja munene, kitambaa ya kichwa yenye kusimama kama kichwa ya jogoo, sharpe, ile utepe munene ya buluu ya protokole, bale benye kupokea batu, ku bega, sakoshi, mukoba ya mukono, nyeusi, chini ya kwapa. Anakuangalia. Haangalie nguo. Anaangalia mikono, mabega, na fasi macho yako inaenda. Kisha anakushika ku kiwiko ya mukono, anakupeleka mpaka ku banki, ile kiti ndefu ya mbao, anapiga-piga ile banki na kiganja: pa, pa, pa! Unakaa. Na mutu mwenye utamukuta pale pembeni yako, utashangaa. Hatakuwa mutu wa kazi yako, ao wa luga yako, ao wa mavazi yako. Utajiuliza: huyu mama anacheza na mi?

Hakuwa anacheza. Shiye bote tulikuwa tunamuita Mama Protokole. Jina yake ya kweli iko kwa batoto yake, mi sitaiandika. Fasi alizaliwa, babu yake alikuwa nani, ile pia naacha. Mi naandika juu ya macho yake, sababu bila ile macho mutoto yangu Ngoie hangeolewa. Nasema wazi tangu mwanzo, juu musifikiri nasifu mutu bure. Ndoa ya mutoto yangu ilikuwa inakufa mu salon yangu, mbele yangu, mangaribi moja, na hakuna mutu hata moja alikuwa anajua ni nini inaiua. Ye alijua. Na hata hakuwa pale!

Lakini muache nianze ku kanisa.

Hapa kwetu kuko benye muji na kuko bale benye kuitwa bakuyakuya, maana yake batu benye kuya tu, balikuya kutafuta. Na mu bale bakuyakuya, benye kuogopewa sana ni ba-creuseur, batoto banaume benye kuchimba shaba na kobalti mu mashimo na mikono yabo. Banatoka fasi yote: Tenke, Kapanga, Kasai, mpaka Bukavu. Siku ya yenga banaoga, banapiga pasi shati, banakuya kusali sawa batu bote. Lakini udongo nyekundu inabakia mu makucha. Ile haitokake na sabuni.

Sasa kijana kama ule akikaa mu banki, hakuna mutu anasema kitu. Hapana! Shiye ni bakristo. Kila mutu anasogea tu kiloko, kidogo tu, kama vile anapatia mwenzake fasi. Sakoshi yenye ilikuwa kushoto inapita kuume. Telefone yenye ilikuwa ku magoti inaingia mu kifua. Na mbele ya wimbo ya kwanza kuisha, ule kijana iko peke yake ku mwisho ya banki, kama mutu mwenye ugonjwa ya kuambukiza.

Pale njo Mama Protokole alikuwa anatokea. Anainama ku sikio ya mama mwenye kusogea, na sauti yenye banki tatu zinasikia:

"Mama, pale katikati yenu naona kiti ya shetani."

"Wapi, Mama?"

"Hapo. Iko wazi. Na kama hauikalie we, unajua nani ataikalia."

Mama wa watu anarudia fasi yake mbio-mbio, anaona aibu, bengine tunakufa na kicheko mu bitabu ya nyimbo.

Siku moja alinikalisha nyuma kabisa, ye mwenyewe akasimama pembeni yangu. Aliniambia: "Mama Ngoie, leo usiangalie sura ya batu. Angalia sakoshi tu. Sura inajua kudanganya, inakuyaka ku kanisa tangu butoto. Sakoshi haijabatizwa."

Niliangalia. Eh, Mungu wangu! Ilikuwa kama mutu amenifungulia dirisha. Niliona sakoshi inatembea. Kisha akanionyesha kitu ya pili, yenye hata leo nikifikiri inanipiga mu kifua.

"Sasa muangalie kijana. Anaangalia nini?"

"Anaangalia sakoshi ya mama ule."

"Juu ya nini anaiangalia?"

"Juu... juu ilisogea."

"Njo vile! Kama haingesogea, hangejua hata kama iko. Sasa mama anamuona anaangalia sakoshi. Mu roho anasema: nilijua! Ni mwizi! Na saa ataenda ku nyumba atahubiria batoto yake ile hubiri."

Batu babili bamekaa ku banki moja, hakuna mwenye alisema neno, na mbele ya sadaka bamesha kutengeneza mwizi. Mwizi muzima, mwenye mikono na miguu, na hakuna kitu kiliibiwa!

Ile njo ilikuwa masomo yake. Hakuwa anasema "mupendane". Pasta anasema ile. Ye alikuwa anasogeza batu.

Tulisoma pamoja masomo ya mangaribi, mu kilasi ya kanisa, mi na samaki yangu ya ziwa ya Nzilo yenye nilikuwa nauzisha mchana ikininukia ku mikono, ye na marashi yake. Ye alikuwa mutu wa mali kiloko, alikuwa na duka ya bikwembe, bile bitenge ya bamama, ku soko. Alikuya kusoma juu alitaka kusoma Biblia ya Kifaransa bila mutoto yake kumusaidia. Mwalimu yetu alikuwa kijana muzuri, wa kucheka, wa uvumilivu. Siku moja katikati ya somo Mama Protokole akanyoosha mukono.

"Tata mwalimu, naomba kuuliza. Ule karani wa shati nyeupe ulimuuliza swali, ulimungojea mpaka alikuna kichwa, akakohoa, akaangalia juu, akapata jibu. Mi uliniuliza, hata mate sijameza, umesha kupita kwa mwengine. Mi niko na mate nyingi kuliko ye?"

Kilasi ilianguka na kicheko. Mwalimu pia. Alikuna shingo: "Mama, sikutaka upate haya."

"Najua, mwanangu. Ulikuwa unanisaidia. Sasa acha kunisaidia. Ningojee."

Kutoka pale alikuwa anatungojea. Shiye bamama ba soko tulikuwa na majibu mingi, kumbe! Ilikuwa inahitaji tu fasi ya kutokea. Hii maandishi yenye unasoma imetokea mu ile kungojea.

Ku duka yake alikuwa na mabinti babili ba kuuzisha. Kama mama mwenye gari anaingia, mabinti banasimama. Kama mama mwenye kandambili ya kukatika anaingia, banabakia kukaa, na mbele ya kujuliza banasema: "Ile iko bei kali, Mama." Mama Protokole alitoa kiti yote ya mabinti. "Mutasimamia kila mutu, ao mutasimama siku yote." Siku moja mama wa kandambili aliingia, akagusa kikwembe moja ya maua, akaiweka ku bega, akajiangalia mu kioo, akacheka, akaenda zake. Mabinti banasema: "Unaona, Mama? Hakununua kitu."

"Alicheka," ye akajibu.

"Sasa kicheko tutaiuzisha kwa nani?"

"Mulisha kumuona akicheka mbele ya leo? Hapana. Hata mi sijamuona, na tunasali naye. Mukunje kikwembe."

Sasa usifikiri alikuwa malaika. Yo! Alikuwa na bitu yake. Mutu mwenye luneti nyeusi, miwani ya jua, hakuwa anamupatia fasi ya mbele, hata akiwa mugonjwa ya macho. "Nitajuaje roho yake iko wapi?" Batu ba Lubumbashi hakuwa anabapenda. Anasema banasalimia biato ya miguu mbele ya kusalimia mutu. Nilimuambia: "Mama, na ile haiko kusogeza sakoshi?" Kisha akasema: "Inawezekana. Lakini bao biato banaiangaliaka kweli." Hakuna mutu alikuwa anamushinda.

Na kubwa kuliko yote ilikuwa sakoshi yake mwenyewe. Ye, mwenye kutuhubiria juu ya sakoshi! Ile nyeusi, ya ngozi, ya mukanda mufupi. Haikuwa inatokaka chini ya kwapa. Akiimba, iko pale. Akipiga magoti kusali, iko pale. Ku matanga, ku ndoa, ku hospitali kutembelea mugonjwa, iko pale, imefinywa kama kuku ya kupeleka ku soko. Bamama balikuwa banasema mu siri: "Ye anatuambia tuache zetu wazi, yake mbona haiache?" Mi siku moja nilimuuliza. Hakukasirika. Aliangalia chini, akasema pole-pole: "Mukono inajua mambo yake. Bado sijaiongoza." Sikumuongezea swali.

Basi, nifike ku mambo ya Ngoie.

Baba yake Ngoie alikufa mutoto iko mudogo. Kwa hiyo mutu wa kusema ndiyo ao hapana mu ndoa ni Baba Mukubwa, yaya, kaka mukubwa ya bwana yangu. Mutu wa haki, mwenye kusali, lakini mugumu kama chuma ya reli. Miaka mingi alikuwa mukubwa wa balinzi ku depo moja ya shaba. Kazi yake yote ilikuwa kufukuza ba-creuseur na tochi. Na Mungu katika hekima yake, Ngoie akapenda creuseur.

Jina yake Yav. Kijana wa kule Musumba, mbali, fasi barabara inakuwa matope miezi na miezi. Ngoie aliniambia: "Mama, bila Baba Mukubwa kubariki, mi siolewe. Lakini kama siolewe na Yav, pia siolewe." Nilijua mutoto yangu. Iko kama mi. Akisha kusema, amesema. Sasa nikaanza kufunga na kuomba.

Siku ya kujipresenta, maana yake kijana kujionyesha kwa bakwe, balikuya, Yav na mujomba yake. Mi nilikuwa ku mulango ya jikoni, nimejifunika kikwembe mpaka ku macho, juu kwetu mama mukwe hakaribie mukwe, haya ni heshima. Mu salon Baba Mukubwa amekaa mu fotei, kiti kubwa ya kuegemea, mugongo nyuma kabisa, mikono ku tumbo. Bashangazi ya Ngoie bamejipanga mu fotei zingine.

Yav aliingia, akakunja magoti mpaka chini, akainamisha macho, akapiga makofi ya pole-pole na biganja ya kukunja kiloko, ile yenye kutoa sauti ya chini: po, po, po. Kwabo kule Musumba njo salamu ya mukubwa. Na mutu mwenye kusalimiwa anajibu na makofi, kisha ule mwenye kusalimia anasimama. Shiye ba muji tunapeana tu mukono. Basi ye anapiga, anangojea jibu. Shiye tunangojea alete mukono. Anapiga tena. Hakuna jibu. Hawezi kusimama!

Baba Mukubwa akageukia bashangazi: "Huyu anapigia nani makofi? Tuko ku teatre?"

Bashangazi bakacheka. Na mi pale ku mulango nikaona, kwa macho yenye Mama Protokole alinipatia, sakoshi ya shangazi mukubwa inatoka chini inapanda ku magoti. Nikaona migongo yote inarudi nyuma mu fotei. Nikaona binti mwenye kuleta bya kunywa anapatia batu bote vere ya kioo, na Yav anapata kopo ya plastiki. Hakuna mutu alimuambia afanye vile. Mukono yake ilijichagulia.

"Unafanya kazi gani?" Baba Mukubwa anajuliza.

"Mi... ile kazi ya... ya pale, tata."

"Pale wapi?"

"Pale ku... ku mashimo."

"Sema na sauti! Ao uko unaficha?"

Ile kopo ikateleza, Fanta yote ikamwagikia mujomba yake ku suruali. Balienda mbio, mbele ya giza kuingia.

Ngoie alikuwa analia: "Mama, haiko ye! Na mi anaongeaka mpaka namunyamazisha! Anachekesha batu!" Lakini Baba Mukubwa alisha kukata: "Mutu mwenye haangalie batu mu macho ni mwizi ao muongo. Mi niliangalia bezi maisha yangu yote, sitadanganyika. Juu ya heshima ya marehemu, arudie mara moja tena. Kama iko vile vile, hii mambo imekwisha."

Asubui nilikimbia ku duka ya bikwembe. Nilimuelezea Mama Protokole yote na machozi. Nilifikiri atajuliza: kijana iko wa namna gani? Anasali? Anakunywa? Hapana. Anajuliza:

"Alikaa mu kiti ya namna gani?"

"Plastiki. Karibu ya mulango."

"Bengine?"

"Fotei."

"Alikunywa mu nini?"

"Kopo."

"Nani alijibu makofi yake?"

"Hakuna mutu."

Akapiga kiganja ku meza mpaka bikwembe ikaruka. Alikuwa na furaha, mi nalia ye ana furaha! "Mama Ngoie, simama, pangusa uso! Ule kijana hana shida hata moja. Ni nyinyi mulimutetemesha, kisha mukamuona anatetemeka. Siku ya kurudia, salon yako ni yangu."

Nikamuambia pia, na haya, kwamba hata mi nilikuwa mbali, ku mulango, na kikwembe ku uso. Akacheka. "Ile umbali yako alijua maana yake. Yako ni mbali ya heshima. Yabo ilikuwa mbali ya kukimbia harufu. Mutu anajua kutofautisha hata akiwa na macho chini. Zaidi akiwa na macho chini."

Siku ilifika. Mama Protokole alikuya asubui na vijana ba kwaya, bakabeba fotei zangu zote, bakapeleka kwa jirani. Nilipiga kelele! Hapa Kolwezi salon bila fotei ni nyumba ya matanga, ya kilio! "Mama, batasema niliziuzisha!"

"Baseme."

Akaleta mabanki ya kanisa na batabure, bile biti bya chini bila mugongo. Akazipanga karibu-karibu, magoti inataka kugusana. "Angalia vizuri," akaniambia, "mutu hana fasi ya kuegemea nyuma. Kama atachoka, ataegemea wapi? Mbele." Akasimama ku mulango na sharpe yake ya buluu kama siku ya yenga, kila shangazi mwenye kuingia anamupokonya sakoshi: "Protokole! Sakoshi zote mu chumba!"

Shangazi mukubwa akamuangalia kwapa: "Na yako, Mama?"

"Yangu iko ku kazi. Pita."

Vere zilikuwa za namna moja. Alitafuta kopo ya plastiki mu kabati, akaitupa yeye mwenyewe.

Lakini kitu cha kweli alikuwa amekifanya mapema. Alikuwa alisha kupita kwa Baba Mukubwa ile asubui, mbele ya kukuya kwangu, kumusalimia tu, kunywa chai. Baba Mukubwa njo alituelezea baadaye, na leo bado anaielezea. Anasema Mama alimuuliza mambo ya zamani, ya kwabo kule upande wa kaskazini: "Tata, baba yako, akienda mbele ya mufalme, alikuwa anasalimia namna gani?" Baba Mukubwa akafurahi kuulizwa. Akasimama hata. Akamuonyesha: magoti inakunjwa, biganja inakutana, macho chini. Anapiga makofi pale mu salon yake peke yake, mzee muzima.

"Macho chini?" Mama akajuliza.

"Chini kabisa! Nani angeangalia mufalme mu macho?"

"Kumbe. Na baba yako alikuwa mwizi?"

Baba Mukubwa anasema kabla apate jibu, ye alisha kubeba sakoshi yake, iko ku barabara.

Mangaribi Yav aliingia. Alikunja magoti, macho chini, po, po, po. Mi ku mulango ya jikoni niliuma kikwembe na meno. Bwana Yesu, nikasema, fanya kitu.

Baba Mukubwa aliangalia mikono yake mwenyewe, kama mutu mwenye kupata kitu mu mufuko ya koti ya zamani. Kisha akaikutanisha. Po. Po. Pole-pole, haikuwa hata kwa mupigo. Lakini alijibu!

Mabega ya Yav ikashuka. Niliona kwa mbali. Akainuka, akakaa ku tabure, magoti karibu ya magoti ya Baba Mukubwa. Na sasa, batu yangu, mutu alitokea! Ule mwenye Ngoie alikuwa anasema! Baba Mukubwa alijuliza mambo ya mashimo, ye akaelezea na mikono: namna banasikiliza udongo mbele ya kuingia, namna banaimba wimbo moja na mwenye kushika kamba, juu wimbo ikikatika, kule juu bajue kuko shida. Baba Mukubwa alikuwa anainama mbele, anainama mbele, mpaka kichwa zao zilikuwa karibu kugongana. Miaka yote alibamulika na tochi, hakuwa anajua kama banaimba.

Kisha, uso mugumu: "We. Ulisha kuiba shaba?"

Nilikufa pale. Yav aliangalia chini, akanyanyua muguu moja, akaonyesha kiato chenye kidole kinataka kuchungulia.

"Tata, kama ningejua kuiba, ningekuya kwa mukwe na hii?"

Kisha Baba Mukubwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka tabure ikamuangusha kiloko, Yav akamushika mukono, na ile mukono hakuiachia mbio.

Ndoa ilikubaliwa ile mangaribi. Nilipiga vigelegele mpaka mbwa ya jirani ikajibu. Saa batu banaenda, Baba Mukubwa anashika kiuno: "Mama Protokole, ule kijana alibadilika, kweli! Lakini hii biti yako imeniua mugongo."

"Mugongo itapona," akamujibu. "Na kijana ni ule ule. Ni biti njo ilibadilika."

Imepita wakati. Ugonjwa ya sukari ilimushika Mama Protokole, ikamuharibia macho. Ile macho! Nililia sana. Sasa sharpe ya buluu iko ku bega yangu mi, na siku zingine natamani kuivua, juu kuona sakoshi zote ile inachosha.

Mwezi jana tulifanya furaha ya mutoto wa kwanza wa Ngoie na Yav, mu kiwanja yabo, upande wa barabara ya Nzilo. Tulimuleta Mama Protokole. Tulimuweka ku banki, kivulini, sakoshi chini ya kwapa. Baba Mukubwa alikuwa amebeba mutoto, anatembea naye mbele ya bageni kama amemuzaa ye.

"Mukwe yangu huyu," anasema na sauti kubwa, "haiko kama bale bengine!"

Batu banakubali na kichwa. Kutoka ku banki sauti ikatoka: "Bale bengine ni banani, tata? Ulisha kukaa nabo ku tabure?"

Baba Mukubwa alikohoa.

Saa ile ile benzake Yav balifika, banatoka ku mashimo moja kwa moja, mavumbi nyekundu mpaka ku nyusi. Balisimama ku mulango ya kiwanja. Balileta kuku ya zawadi. Hakuna mutu alibafukuza. Hakuna mutu alibaita pia. Mi nilikuwa jikoni, mikono mu bukari, ugali ya bageni. Nikatoka mbio, lakini ye alinitangulia. Mutu mwenye haone!

"Juu ya nini muziki inapigwa lakini batu bamenyamaza?" akasema. Kisha akainua kichwa. "Nasikia. Nasikia sakoshi."

Na kweli, bashangazi balikuwa banafunga zao. Klik. Klik.

Akasogea ku banki yake, akapiga na kiganja: pa, pa, pa! Ule wa mbele, kijana mwembamba, alitazama nyuma yake kwanza, kuona kama haiko mwengine anaitwa. Kisha akakuya, akakaa ku ncha kabisa, nusu ya matako. Mama Protokole alimupapasa mukono, kiwiko, bega. Kisha akafungua kwapa.

Mi nilikuwa pale, niliona na macho yangu. Ile sakoshi nyeusi ikatoka. Upande yenye ilikuwa inafinywa ngozi ilikuwa nyeupe, imekwisha kabisa. Akaiweka ku magoti ya ule kijana.

"Nishikie, mwanangu. Mukono imechoka."

Kijana aliishika na mikono mbili, mavumbi na yote, amenyooka, hata kupumua anaogopa. Kiwanja yote ilikuwa inaangalia. Baba Mukubwa pia, na mutoto ku bega. Kisha niliona anasogea. Nikasema mu roho: hapana, Baba Mukubwa, leo hapana. Kumbe anasogea kuacha fasi. Akaangalia bale benye kubakia ku mulango, akapiga-piga banki yake na ile kiganja munene: pa, pa, pa!

Mama Protokole akageuza sikio.

"Ni nani ule anapiga banki?"

"Ni Baba Mukubwa, Mama."

Akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka.

"Mwizi!" akasema. "Ameiba kazi yangu!"